Wasomaji wauliza: Asagao, kuanzia mbegu hadi mbegu

Toleo lililopita tulieleza kwa kifupi habari za asagao, ua la Kijapani la jamii ya viazi vitamu, Ipomoea nil kwa jina la kitaalamu, linalofunguka alfajiri na kunywea kabla ya adhuhuri. Barua zimefika nyingi, na karibu zote zinazunguka mambo mawili: mbegu zinagoma kuota, au mbegu alizotunza mtu mwenyewe zimetoa ua tofauti na la mama yake. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na yanayofanana tumeyaunganisha.

Niliroweka mbegu kumi kwa siku mbili nzima. Tatu zilivimba kisha zikaoza, saba zimebaki ngumu vilevile. Je, nimeuziwa mbegu mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Inaelekea mbegu ni nzima. Ganda la asagao halipitishi maji mpaka lichubuke, kwa hiyo hizo saba zingekaa majini hata wiki bila kubadilika. Zile tatu zilikuwa na ufa mdogo, zikanywa maji siku ya kwanza, kisha zikakosa hewa siku ya pili. Siku mbili majini ni nyingi mno.

Ishike mbegu uitazame vizuri. Ina umbo la kipande cha chungwa: mgongo wa mviringo, na pande mbili bapa zinazokutana kwenye ukingo. Chini ya ukingo huo, kwenye ncha, pana kitovu, kibonyeo kidogo ambapo mbegu ilishikana na mama yake. Mzizi unatokea hapo, kwa hiyo kitovu kisiguswe. Chubua mgongo, kwa tupa ndogo, msasa, au mkasi wa kucha ukikata kidogo sana. Simama mara unapoona nukta nyeupe ya ndani. Ukiendelea zaidi ya hapo unakata majani ya kwanza yaliyokunjwa humo, na mche utatoka na jani lililochanika.

Baada ya kuchubua, loweka saa sita hadi nane tu. Mbegu nzuri itavimba kufikia karibu maradufu. Isiyovimba ichubue tena, usiitupe. Panda kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, mgongo juu na kitovu chini, ili mche usilazimike kujipindua udongoni. Wauzaji wengine huzichubua mbegu kabla ya kuzifunga, basi soma pakiti kwanza. Maabara hutumia asidi kali ya salfuriki kwa kazi hii. Tafadhali mtu asijaribu hilo jikoni. Maji yanayochemka nayo huua.

Kwa Nakuru kuna jambo la pili. Asagao huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 25 hivi, na hapo utaona kichwa baada ya siku nne hadi saba. Usiku wenu ni wa baridi, na kwenye udongo baridi wenye maji mbegu huoza kabla ya kuamka. Sia kwenye vikombe ndani ya nyumba, ufunike kwa plastiki mpaka vichwa vitokeze. Ganda likinasa kwenye majani ya kwanza, lilowanishe asubuhi, subiri robo saa, ndipo ulivue taratibu kwa kucha. Ukilivuta likiwa kavu litaondoka na jani.

Miche yangu imetoa ua ikiwa na majani matano tu, urefu haufiki hata rula ya mwanafunzi, kisha ikakoma kukua. Kwenye picha za Japani inapanda hadi dirishani. Udongo ni samadi na mchanga, nusu kwa nusu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Udongo hauna kosa kubwa, ingawa tungepunguza samadi ifikie theluthi. Kinachokusumbua ni urefu wa usiku. Asagao hupata amri ya kuchanua giza linapodumu muda wa kutosha bila kukatizwa. Aina nyingi zinahitaji kama saa tisa au kumi. Aina iitwayo Violet, ambayo wanasayansi wa Japani wameitumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, hupokea amri hiyo ikiwa bado na majani ya mbegu pekee, yale mawili ya kwanza, kwa usiku mmoja tu wa saa 16.

Tokyo mwezi Juni usiku ni wa saa tisa na nusu hivi. Mche uliosiwa Mei unapata nafasi ya kurefuka kwanza, ndipo uchanue Julai. Dar es Salaam usiku haupungui saa kumi na moja na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mche unaamriwa kuchanua tangu unapotoka ardhini. Nguvu zote zinaenda kwenye ua, na wakati mwingine ncha yenyewe inageuka kuwa tumba, hapo urefu umekwisha.

Dawa yake ni taa. Tundika balbu ya LED ya wati 9 au 10 mita moja juu ya miche, iwake kuanzia machweo hadi saa nne usiku, kila siku bila kuruka. Giza linalobaki ni la saa nane, halitoshi kuamuru ua. Endelea hivyo mpaka mche uwe na majani manane hadi kumi ya kweli, halafu zima. Ua la kwanza litafunguka baada ya wiki tatu hadi tano. Umeme ukikatika siku moja moja usihangaike sana, lakini zikifuatana siku tatu nne utaona matumba.

Asiyetaka habari za taa apande miche minne au mitano kwenye chungu kimoja na akubali bustani fupi yenye maua mengi. Si aibu. Ua la mche mdogo hutoa mbegu halali kabisa.

Msomaji wetu wa Sweden ana shida iliyo kinyume: asagao yake imefika darini, Agosti imeingia na hakuna hata tumba. Usiku wa kiangazi huko ni mfupi mno, na kama kuna taa ya barabarani karibu na kibaraza basi giza halipo kabisa. Ifunike kwa boksi lisilopenya mwanga kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kwa wiki moja hivi, ukianza Juni mimea ikiwa bado midogo. Ukingoja ichanue yenyewe Septemba, mbegu hazitakomaa kabla ya baridi kali.

Niko masomoni Nagoya. Mama mwenye nyumba amenipa chungu chenye vijiti vitatu na pete tatu za waya, akaniambia nizungushie mmea. Kila nikizungusha jioni, kesho nakuta umejifungua. (Mwanafunzi)

Shikamoo yako kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu amekupa mtindo wa zamani unaoitwa andon, yaani taa ya karatasi, kwa jinsi mmea unavyozunguka kiunzi kama ukuta wa taa hiyo. Ndivyo zinavyouzwa kwenye soko la asagao la Iriya, Tokyo, tarehe 6 hadi 8 Julai.

Unauzungusha upande usio wake. Asagao hupanda kinyume cha mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Ukiwa mbele yake, shina linatoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ukiulazimisha upande mwingine, ncha itarudi yenyewe usiku. Fanya kazi hii alasiri. Asubuhi shina limejaa maji na linakatika kwa kuguswa tu, alasiri limelegea kidogo na linakubali.

Usiulaze bapa kwenye pete. Upandishe kwa mteremko, kijiti hadi kijiti, ncha ikitazama juu daima. Shina lililolazwa hupunguza mwendo na kuanza kutoa matawi ya pembeni usiyoyataka. Ukifika pete ya juu, kata ncha. Kama umejitahidi upande sahihi na mmea bado hauzunguki hata kidogo, ukiuacha matawi yananing'inia, huenda umepewa aina ya shidare. Hiyo ina hitilafu ya jeni inayoinyima uwezo wa kutambua juu na chini, haitapanda maishani mwake, na watu huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Chungu cha sentimita 15 hadi 18 kinatosha. Ukitumia mbolea ya NPK ya 17:17:17, nusu kijiko cha chai kila wiki tatu, mbali na shina. Usiongeze urea ati mmea uchangamke. Utapata majani mapana ya kijani kibichi na maua ya kutafuta kwa tochi. Na ukiwa hapo Nagoya, tembelea maonyesho ya majira ya joto: mji huo una mtindo wake ambao hautumii kijiti chochote, mmea unakatwakatwa ncha mpaka unasimama mfupi chunguni na kubeba ua kubwa kuliko sahani ya kikombe.

Matumba yanadondoka kabla ya kufunguka, na yanayofunguka yamenyauka saa mbili asubuhi. Namwagilia mara mbili kwa siku. (Msomaji, Maskati)

Joto. Likikaribia nyuzi 35, chavua inaharibika na matumba yanaachiliwa. Usisie tena Mei. Sia mwanzoni mwa Oktoba, na ukumbuke taa tuliyomweleza msomaji wa Dar es Salaam, maana usiku wenu wa Desemba ni mrefu zaidi. Weka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi ili mizizi isichemke, na kivuli kuanzia saa tano. Kukiwa na ubaridi, ua la asagao hukaa wazi hadi mchana. Kama ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia, shuku maji ya kisima yenye chumvi.

Nichume mbegu lini? Mwaka jana nilingoja zikauke kabisa, mvua za vuli zikanyesha, nikakuta zimeota ukungu na nyingine zimechipua humo humo. Na je, nyuki wasipokuja, zitapatikana? (Msomaji, Moshi)

Nyuki hahitajiki. Ndani ya ua kuna stameni tano, vijiti vya kiume vyenye chavua, zisizolingana urefu. Usiku wa kuamkia kuchanua zinarefuka haraka, na vichwa vyake vinapita vikiisugua stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, kwa hiyo ua linapofunguka alfajiri uchavushaji umekwisha. Nyuki akija baadaye anaweza kuongeza chavua ya jirani, na hapo ndipo mchanganyiko unapoingia. Kama una rangi mbili na unataka kila moja ibaki ilivyo, jioni tafuta matumba yaliyojisokota na kuonyesha rangi, yale yatakayofunguka kesho, uyafunge ncha kwa uzi au kibanio chepesi. Ua litajichavusha ndani kwa ndani bila kufunguka. Fungia uzi wa rangi kwenye kikonyo chake ili ulijue baadaye.

Ovari, yaani kifuko cha mbegu ndani ya ua, ina vyumba vitatu, na kila chumba kina nafasi ya mbegu mbili. Kifuko kilichojaa kina mbegu sita; nne au tano ni kawaida. Kinakomaa siku 30 hadi 40 baada ya ua, mapema kidogo kwenye joto. Dalili si rangi ya kifuko peke yake. Tazama kikonyo: kikishakauka na kuwa kahawia, mama hapeleki tena chakula, chuma. Usingoje kifuko kipasuke, mbegu zitaanguka.

Kwa mvua zenu, pitia mmea kila baada ya siku mbili au tatu uchume kimoja kimoja. Mvua ikikaribia na vifuko vimeanza kuwa na rangi ya majani makavu, vikate pamoja na kipande cha shina, uvitandaze ndani kwenye sahani. Mbegu iliyokwisha kuwa nyeusi itamaliza kukauka yenyewe. Iliyo bado nyeupe na laini haitafaa.

Zikaushe kivulini siku saba hadi kumi. Bonyeza kwa kucha: isipoacha alama, imekauka. Usipime kwa jino, tutaeleza sababu huko chini. Weka kwenye bahasha ya karatasi yenye jina, tarehe na namba ya mche. Bahasha zote kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kisha kwenye friji. Kabatini mbegu hudumu miaka michache, kwenye friji zaidi ya 10. Unyevu ndio adui, kwa hiyo ukiitoa chupa iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo umande utaingia ndani.

Mmea mmoja uachiwe vifuko vitano au sita tu. Hizo ni mbegu 25 au 30, zinakutosha wewe na majirani. Maua mengine yaliyonywea yang'oe. Mmea unaobeba vifuko vingi huacha kuchanua, na mbegu zenyewe hutoka nyembamba.

Niliagiza mbegu za asagao ya botan, ile yenye petali nyingi hadi katikati. Zimeota 8, zote zimetoa ua la kawaida. Nikaandika kulalamika, nikajibiwa kwamba hiyo ni kawaida. Nimeibiwa? (Msomaji, Mombasa)

Pengine hukuibiwa, na swali lako ndilo kiini cha utunzaji wa mbegu za asagao, kwa hiyo tutakaa nalo.

Kwenye ua la botan, stameni zimegeuka petali, na katikati badala ya ovari kuna ua jingine linaloanza upya. Halina chavua wala mahali pa mbegu. Ua la namna hiyo haliwezi kuzaa kabisa. Linawezaje basi kuendelea kuwapo? Kupitia ndugu zake wenye sura ya kawaida. Hitilafu hiyo ni ya jeni fiche: mche lazima upate nakala mbili, moja kila upande, ndipo ua liwe botan. Mche wenye nakala moja unaonekana wa kawaida, una rutuba, na unabeba siri. Wajapani wanauita mti mzazi, oyaki. Pakiti uliyonunua ilikuwa na mbegu za oyaki.

Mbegu za oyaki zinagawanyika hivi: robo moja botan, robo tatu kawaida. Kwa miche 8 kulikuwa na uwezekano wa asilimia 10 hivi wa kukosa botan hata mmoja. Umeangukia hapo. Anayetaka kuwa na hakika ya asilimia 95 aoteshe miche 11. Kama aina inataka hitilafu mbili fiche kwa pamoja, mfano petali nyingi juu ya majani membamba, sehemu ni moja kwa 16, na miche inayotakiwa ni 47. Ndiyo maana wapenzi wa maua haya husia nyingi na kung'oa nyingi. Kwa hitilafu za majani, ung'oaji unaweza kuanza mapema, mara majani ya mbegu au jani la kwanza linapoonyesha sura yake. Botan yenyewe haionekani mpaka tumba.

Miche yako 8 usiitupe. Kwa wastani theluthi mbili ya miche ya kawaida inabeba siri, yaani kama mitano kati ya hiyo 8. Hujui ni ipi, na kuitazama hakutakusaidia. Kosa ambalo watu wengi hulifanya hapa ni kuchanganya mbegu zote kwenye bahasha moja. Ukichanganya, idadi ya wabebaji inapungua kila msimu, na baada ya misimu minne mitano botan anakuwa adimu, hatimaye anatoweka bila mtu kugundua alipotea lini.

Weka mbegu mche kwa mche. Bahasha nane, namba 1 hadi 8, na mbegu kama 20 kila moja. Msimu ujao, sia 11 kutoka kila bahasha, hata kwenye vikombe vidogo. Bila taa maua yatakuja haraka, na kwa kazi hii ndivyo unavyotaka. Bahasha itakayotoa botan imejithibitisha kuwa ya mbebaji. Isiyotoa, igawe kwa marafiki kama asagao ya kawaida. Kisha chukua mbegu kutoka ndugu wa kawaida wa familia iliyothibitishwa, tena mche kwa mche, na mzunguko unaendelea.

Wakulima wa Edo, Tokyo ya zamani, walifanya hivi kwenye vuguvugu mbili kubwa, ya miaka ya 1804 hadi 1830 na ile ya miaka ya 1850, wakati kanuni za Mendel hazijachapishwa. Walijua tu familia gani inatoa maajabu. Leo mkusanyiko mkubwa wa aina hizo unatunzwa Chuo Kikuu cha Kyushu, kule Fukuoka.

Nina asagao nyeupe yenye vidoadoa na mistari ya zambarau. Tawi moja limeanza kutoa maua ya zambarau tupu. Nichukue mbegu za tawi lipi? (Msomaji, Bukavu)

Inategemea unataka nini. Vidoa hivyo vinatokana na kipande cha vinasaba kinachohama. Kikiwa kimekaa ndani ya jeni ya rangi, seli haitengenezi rangi. Kikiruka kutoka, rangi inarudi kwenye seli hiyo na watoto wake wote. Kikiruka mapema, mstari mpana, kikichelewa, kidoa. Kwenye tawi lako kiliruka mapema sana, tawi lote likapona.

Mbegu za tawi la zambarau zitatoa takriban robo tatu zambarau tupu na robo moja yenye vidoa. Za maua yenye vidoa laini vilivyotapakaa zitatoa vidoa karibu zote. Kwa hiyo funga uzi kwenye maua yenye vidoa unavyovipenda, na tawi la zambarau ulichukulie kama aina mpya, bahasha yake peke yake. Ua lililogawanyika nusu kwa nusu lina bahati nasibu: huenda nusu yenye rangi haikugusa ovari.

Dokezo kwa wote wanaochambua miche mapema: shina la mche chini ya majani ya mbegu likiwa jekundu au zambarau, ua litakuwa na rangi. Likiwa kijani tupu, tarajia nyeupe.

Hii asagao ni sawa na ile ya bluu inayofunika ua wa michongoma huku kwetu? Kama ni ile, mbona mnatuuzia magugu? (Msomaji, Nairobi)

Hatuuzi kitu, ndugu yetu, lakini hofu yako ina msingi. Inayofunika michongoma mara nyingi ni Ipomoea indica, ya kudumu, yenye maua kadhaa kwenye kikonyo kimoja na shina linalotoa mizizi kila linapogusa udongo. Haizai mbegu nyingi, inaenea kwa shina, na kuing'oa ni kazi ya miaka. Nyingine ya Nairobi ni Ipomoea purpurea, majani ya umbo la moyo, vifuko vinavyoinama chini. Asagao ya Kijapani ni ya msimu mmoja, majani yake kwa kawaida yana ncha tatu, sepali zake, vile vijani vinavyoshika ua kwa chini, ni ndefu, nyembamba, zenye manyoya, na vifuko vinasimama juu. Na purpurea haizaani nayo. Hata hivyo chuma vifuko vyote na usitupe mabaki yenye mbegu kwenye mboji, maana mbegu ngumu hukaa udongoni miaka na kuota siku usiyoitaka.

Kiwavi mnene mwenye pembe mkiani amemaliza majani usiku mmoja. (Msomaji, Morogoro)

Huyo ni kiwavi wa viazi vitamu, Agrius convolvuli, mtoto wa nondo mkubwa. Tafuta vinyesi vyeusi chini ya chungu, kisha inua macho juu yake moja kwa moja; utamwona. Mtoe kwa mkono jioni. Kama una shamba la viazi au matembele karibu, weka asagao mbali nalo: vidukari na nzi weupe hubeba virusi vya viazi kwenda na kurudi. Maabara za viazi vitamu hutumia asagao kupimia virusi hivyo kwa sababu huonyesha dalili upesi. Mche wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano ung'oe uuchome, usichukue mbegu zake.

Nimesikia mbegu hizi ni dawa ya tumbo. Kipimo ni kiasi gani? (Msomaji, Unguja)

Hakuna kipimo tutakachokupa. Ni kweli asagao ilifika Japani kutoka China enzi za Nara, karne ya 8, kama dawa ya kumfanya mtu aharishe na si kama pambo, lakini dawa hiyo ni kali: inaleta kuharisha kwa nguvu, maumivu na kutapika. Ndiyo sababu tulisema mbegu isipimwe kwa jino. Zifungie mbali na watoto. Mtoto akimeza, mpelekeni hospitali mkiwa na bahasha mkononi ili daktari ajue ni mbegu gani.

Kuna mtu mtandaoni anauza mbegu za asagao ya njano kama alizeti, na nyingine ya upinde wa mvua. Ninunue? (Wasomaji watatu: Arusha, Kampala, Toronto)

Msinunue. Asagao ya asili haina njano iliyokolea. Rangi ya karibu ni maziwa yaliyoiva kidogo. Ya njano iliyotangazwa Japani mwaka 2014 ilipatikana kwa kuingiza jeni za ua la snapdragoni maabara. Upinde wa mvua kwenye petali moja ni kazi ya programu ya picha. Anayetaka rangi isiyo ya kawaida aulizie Danjuro, ya kahawia iliyoiva yenye ukingo mweupe, iliyopewa jina la ukoo wa waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Hiyo ipo kweli, na mbegu zake hurudia rangi vizuri ukifunga matumba jioni.